Muthoki na Kiatu cha Waya

Pale Kiboko, ukiacha lami na kushika ile njia ya vumbi inayopita nyuma ya shamba la utafiti, huwezi kukosa kukutana na akina mama wakikimbia asubuhi. Wamevaa sketi ndefu, wengine wamejifunga leso kiunoni, na vitambaa viko vichwani kama wanaenda ibadani. Hakuna mtu amewafukuza. Wenye malori wakiwaona toka barabara kuu huwapigia honi, nao huinua mikono na kuendelea.

Hayo mambo yalianza siku nesi wa dispensari alipokuja kwa ushirika wa akina mama kanisani kupima presha na sukari. Alipima mmoja baada ya mwingine akitingisha kichwa, na mwisho akawaambia wazi kwamba wakiendelea kukaa vile wanakaa, watazikana kabla ya wakati. Kalunde ndiye mwenyekiti wa ushirika, mama mnene wa maneno mengi na moyo mweupe, na sukari yake ndiyo ilikuwa imepanda kuliko ya wote. Akasimama akasema, basi tutakimbia. Na kwa vile hakuna mtu huweza kumkatalia Kalunde, wakakimbia.

Kati yao kulikuwa na Muthoki, mke wa Kiema. Ukimwona Muthoki hungedhani ana jambo la kusimuliwa. Alikuwa mkulima wa ndengu na kunde, mama wa Wavinya na wadogo zake wawili, mwimbaji wa sauti ya pili. Alikuwa mtu wa kunyamaza, wa kusikiliza wengine wakiongea na kuwaongezea chai. Lakini alipokuwa msichana mdogo shuleni, mwanamke huyu alikuwa hashikiki. Walimu walikuwa wakimpanga na wavulana ili apate wa kushindana naye.

Halafu, akiwa darasa la sita, akikusanya kuni jioni moja, alimkanyaga kifutu, yule nyoka mnene mvivu ambaye hatoki njiani hata akisikia mtu anakuja. Akamuuma mguu wa kushoto, juu ya unyayo. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, na Mungu akamhurumia, hakufa, wala mguu haukukatwa. Ila haukurudi kuwa kama mwenzake. Asubuhi akiamka miguu yote miwili hufanana. Jua likipanda, ule wa kushoto huanza kuvimba polepole, na ikifika saa tisa umeumuka kama mkate uliotiwa hamira bila kipimo. Tena pale juu, nyoka alipouma, ngozi ilibaki laini ya kung'aa na haisikii kitu. Ungemdunga hapo na sindano akuulize unafanya nini na mguu wake.

Mtu wa mguu kama huo huwajua wauza mitumba wote. Muthoki alikuwa amepekua marundo ya viatu tangu Makindu hadi Kibwezi, na hakupata jozi iliyokubali miguu yake yote miwili kwa pamoja. Cha kulia kikitosha, cha kushoto kinakataa. Akinunua kubwa, cha kulia kinaburuta kama sufuria. Mwishowe alizoea akala za tairi, na fundi alikuwa akimwekea gidamu ndefu upande mmoja. Alikimbia na hizo akala, vidole nje, na bado wale akina mama wengine walikuwa wanamjua kwa mgongo tu. Lakini jua likichomoza vizuri gidamu ilianza kumbana, naye alipunguza mwendo na kurudi nyumbani akitembea.

Ndipo akaja Gicheru.

Gicheru alikuwa kijana wa upande wa Murang'a, mwembamba, mwenye adabu, na gari lake lilikuwa limejaa maboksi. Alifanya kazi na watu fulani Nairobi waliokuwa wanajaribu kutengeneza kiatu cha kukimbilia ambacho mvaaji mwenyewe anakikaza na kukilegeza anavyotaka. Hakikuwa na kamba. Mahali pa kamba palikuwa na kidude cha mviringo kama kile cha redio cha kuongezea sauti, na chini yake waya mwembamba uliopita huku na huku juu ya mguu. Ukizungusha kile kidude, krr krr, waya unavuta pande zote na kiatu kinakukumbatia. Ukikivuta juu, tap, kila kitu kinaachilia. Nesi ndiye alimwambia Gicheru kuna akina mama Kiboko wanakimbia na miguu ya kila namna. Akaja kuwapa kila mmoja jozi wavae, wakimbie nazo, wafanye nazo kazi, kisha wamweleze.

Alipofika kwa Muthoki kumpima, Muthoki aliusogeza ule mguu chini ya sketi. Gicheru alipiga magoti, akauchukua kwa mikono yake miwili kama mtu anayeokota yai, akauliza una nini. Muthoki akamweleza kwa maneno machache. Kijana akamvisha kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, akazungusha vile vidude taratibu.

Muthoki alisimama. Tangu awe mtu mzima hakuwa amewahi kuona viatu viwili vinavyofanana vikiwa kwa miguu yake. Aliiangalia miguu hiyo kama ni ya mtu mwingine amesimama hapo.

Gicheru akawaambia wote, nataka mniambie mazuri na mabaya. Nafikiri Muthoki alisikia mazuri tu.

Zile siku za kwanza zilikuwa za furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Vidole vilikuwa na nafasi. Soli ilishika kwa mchanga, haikuteleza hata kwenye ule mteremko wa kwenda mtoni. Hakukuwa na kamba ya kufunguka na kumkwaza. Akakimbia mpaka wenzake wakalalamika.

"Muthoki, tungoje," Kalunde alimwita siku moja akihema. "Hata mbinguni tutafika siku moja, mwanaasya, ndugu yangu. Hutapewa kiti cha mbele."

Muthoki akacheka, akarudi nyuma akakimbia kando yake, polepole, wakiimba.

Shida ilikuja alipoanza kuvaa vile viatu mchana kutwa. Alienda navyo shambani, akaenda navyo kuteka maji, akaenda navyo kwa mikutano. Mguu ulipovimba, waya ulimbana pale juu. Akivuta kidude, tap, kiatu chote kinaachilia, kisigino kinaanza kupanda na kushuka na kuchubuka. Akikaza tena ili kisigino kitulie, waya unarudi kubana juu. Hakukuwa na katikati. Tena vumbi letu jekundu liliingia kwenye kile kidude, kikawa kinasaga kama meno yanayotafuna mboga isiyooshwa. Muthoki akakata kipande cha leso iliyozeeka, akakikunja, akakisukuma chini ya waya, akaendelea.

Jioni moja alikuwa amekaa nje na Kiema wakichambua ndengu. Kiema ni mtu wa maneno ya kuhesabika, lakini macho yake hayapitwi.

"Mama Wavinya, hiyo damu ni ya nini?"

Muthoki akainama akaona soksi imelowa. Waya ulikuwa umepita kando ya kile kitambaa ukakata ile ngozi isiyosikia, na hakujua ulikata saa ngapi. Kiema alileta maji ya chumvi akamsafisha, akamfunga. Akamwambia amweleze mwenye viatu. Muthoki akasema atamweleza.

Hakumweleza. Na mimi simlaumu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu akikupa kitu unapokea na mikono miwili, unashukuru, huanzi kukigeuzageuza mbele yake ukitafuta palipoharibika. Ni mgeni gani huyo anayekula kwako kisha anasema chumvi ilikuwa kidogo? Hayo ni ya nje. Ya ndani ni kwamba Muthoki aliogopa. Alifikiri akitamka tu hilo neno, Gicheru atakusanya viatu, wenye kazi kule Nairobi watasema kiatu hiki kimeshindwa, wakitupe, na yeye atarudi kwa akala hadi siku ya kuzikwa. Kwa hivyo badala ya kumwambia Gicheru, alimwambia Mungu. Aliomba waya ulegee. Aliomba kweli, kwa kufunga.

Siku ya Gicheru kurudi ikafika, Jumamosi asubuhi, saa moja, kukiwa bado na baridi nzuri. Walikutana kanisani maana ndiko kwenye viti vya kutosha. Kalunde akafungua kwa wimbo na maombi, kisha akatangaza, "Sasa tuingie kwa ushuhuda wa viatu."

Hapo ndipo mambo yalipotea njia, na hakuna aliyeona, hata Gicheru mwenyewe, ambaye ni mtu wa kanisa na anajua ushuhuda. Maanake ushuhuda una mwendo wake. Unasimama, unasalimia watakatifu, unasema ulikuwa wapi, unasema Bwana amekuweka wapi, unaketi. Hakuna mtu husimama kusema Bwana amemtoa shimoni akamfikisha nusu.

Basi wakasimama mmoja mmoja. Mmoja alisema magoti yake yaliyokuwa yanalia sasa yamenyamaza. Mwingine alisema siku hizi bwanake anaamka kuchemsha chai mwenyewe kwa sababu mke ako mbioni, na huo ni muujiza. Kalunde akasema sukari yake imeshuka, na utukufu wa kwanza ni kwa Mungu, wa pili kwa viatu, na ule kidogo uliobaki ni kwake mwenyewe. Watu wakacheka, Gicheru akacheka zaidi ya wote. Alikuwa ameinua simu yake anarekodi.

Ikafika zamu ya Muthoki. Wenzake wakamsukuma kwa sababu yeye husimama kwa shida. Akasimama. Akaeleza habari ya kuni, na kifutu, na machela. Akaeleza marundo ya mitumba. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze kabisa ndiyo wamsikie.

"Miaka yote hiyo," alimaliza, "sijavaa viatu viwili vinavyofanana. Leo nimesimama mbele yenu na viatu viwili sawasawa. Bwana asifiwe."

Wakaitikia amina. Wengine walikuwa wanajifuta macho na leso, na Gicheru pia alijifuta. Muthoki akaketi. Ndani ya kiatu, chini ya soksi, kidonda kilikuwa kimebandikwa plasta, na hakukitaja.

Walipokuwa wanakunywa chai, Gicheru alizunguka akiwashukuru. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akawaambia wakubwa wake walikuwa wanangoja maneno kama haya tu ili wakate kalibu, yaani kile chuma kikubwa cha kumwagia na kufinyangia viatu, na kalibu ikishakatwa haibadilishwi ovyo, kiatu kitakuwa hivyo miaka na miaka. Tena akawapa habari nyingine njema. Viatu vya kwanza vitapelekwa kwa kliniki za watu wa sukari, kwa sababu miguu yao huvimba na kupoteza hisia, na wanahitaji kiatu kinachokubali mguu. Kalunde akapiga vigelegele. Akasema yeye aandikwe wa kwanza.

Chai ya Muthoki ilipoa mkononi. Alikuwa anaangalia miguu ya Kalunde. Nesi alikuwa amewaeleza jinsi sukari inavyoua hisia za miguu, na wote walimjua mzee Ndululu wa pale sokoni, aliyeanza na kidonda kidogo cha msumari wa kiatu, kidonda ambacho hakukisikia, mpaka mguu ukakatwa, na sasa anatembea na magongo. Yeye Muthoki ana kipande kimoja cha ngozi kisichosikia, na alikatwa na hakujua. Kalunde hasikii nyayo zote mbili. Na huyo atavaa, akaze mpaka mwisho kama kawaida yake ya kufanya mambo, akimbie akiimba.

Alienda nyumbani, akapakua chakula, hakukigusa. Kiema akamwangalia.

"Ushuhuda ulitoa?"

"Nilitoa."

"Na waya uliutaja?"

"Sikuutaja."

Kiema akameza alichokuwa anatafuna. "Basi huo ushuhuda haujaisha," akasema. "Enda uumalize."

Muthoki akaenda chumbani akapiga magoti. Hatujui aliomba nini, lakini alitoka akiwa amejifunga kitambaa cha safari. Gicheru alikuwa amesema atateremka kwanza Makindu kwa shughuli zake, ale huko, ndipo arudi Nairobi. Simu yake ilikuwa haishiki. Kiema akaenda kumwita jirani mwenye pikipiki.

Ilikuwa saa nane imepita, jua la kupasua mawe. Alikuwa bado amevaa vile viatu, vimekazwa kama asubuhi, na alihisi mguu umejaa ndani. Walipofika Makindu walizunguka hotelini, hawakuliona gari. Mwishowe yule wa pikipiki akasema, huyu si atakuwa kwa Kalasinga? Na kweli, gari lilikuwa limeegeshwa nje ya lile hekalu la Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba, ambapo kila msafiri hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila.

Muthoki alikuwa amepita mbele ya hilo hekalu tangu utotoni, hajawahi kuingia. Si kwa ubaya. Alikuwa na kanisa lake tu. Mlangoni mzee mmoja mwenye kilemba alimsalimia kwa Kiswahili kizuri, akamwonyesha benchi, kwa maana hapo viatu huvuliwa kabla ya kuingia. Akaketi. Cha kulia kikatoka. Cha kushoto kikakataa. Kile kidude kilikuwa kimejaa mchanga, akivuta hakipandi, akizungusha kinasaga tu. Alikuwa bado anavutana nacho Gicheru alipotoka ndani, kitambaa kichwani kama kila anayeingia humo, akitafuta viatu vyake.

"Mama Wavinya! Umekuja kula?"

"Nimekuja kumaliza ushuhuda."

Kijana akacheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Akakaa kando yake kwenye benchi.

"Mwanangu," Muthoki akasema, "hiki kiatu kinanikata. Kimenikata kabla hujakuja, na sikukwambia."

"Wapi?"

"Hapa juu. Na ubaya si kwamba kinauma. Ubaya ni kwamba hakiumi. Hapa sisikii kitu. Kalunde naye hasikii nyayo zake, na wale wa kliniki unaotaka kuwapelekea hawasikii."

Gicheru alipiga magoti kwenye saruji, akajaribu kidude, kikasaga. Akakigonga polepole na kiganja, akakivuta, mwisho kikaachilia. Akatoa kiatu. Plasta ilikuwa imeviringika. Mguu ulikuwa mwekundu, umevimba, na mistari ya waya ilikuwa imejichora juu yake kama alama za wavu wa kuchomea kwenye nyama. Kile kidonda kilikuwa wazi.

Alikaa akiuangalia, kile kitambaa bado kiko kichwani.

"Huu ndio mguu nilipima?"

"Ule ulipima ni wa asubuhi. Huu ni wa saa tisa."

"Na mimi huja kwenu saa moja kila mara," akasema polepole. "Nakimbia jua." Akamweleza kwamba hata kule kwao majaribio yote walifanya asubuhi, ndani ya chumba chenye baridi, na watu wenye miguu mizima. Kisha akauliza, si kwa hasira, "Mbona hukuniambia pale?"

"Uliniuliza mbele ya kanisa. Na kiatu ni chako, umetupa bure. Ningeanzia wapi?" Lile swali lililokuwa limemzuia siku zote likatoka. "Sasa mtakiacha?"

Gicheru alimheshimu kwa kutomdanganya. Alisema hajui. Alisema wenzake wamechoka na hicho kiatu, na zile sauti za asubuhi alikuwa ameshazituma, na watafurahi kukata kalibu kesho wamalize. Anaweza kuwaambia wangoje, lakini wanaweza kusema wamengoja vya kutosha, waache kabisa. Vyovyote vile, vile viatu lazima arudi navyo, pamoja na mchanga wake na kile kipande cha leso, visioshwe. Na akina mama wengine waache kuvaa mpaka awaambie.

"Naweza kurekodi tena?" akauliza.

Muthoki akasema ndiyo. Akaongea pale kwenye benchi, wasafiri wakipita na kuvua viatu vyao, na yule mzee wa mlangoni akisimama kando akisikiliza. Aliongea juu ya kisigino na waya na vumbi na ngozi. Alipomaliza hakuna aliyesema amina. Yule mzee aliingia ndani akamletea patipati za plastiki, akamwambia azichukue tu. Na kabla hajarudi Kiboko walimlisha, chapati na dengu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo chakula kilipita.

Jumapili Muthoki alisimama tena kanisani, kwa ruhusa ya Pasta Mulei, akasema alichokuwa amekiacha. Pasta alimshukuru mbele ya watu. Lakini akina mama wengine walinuna, maana walikuwa wameambiwa waweke viatu chini, na wengine miguu yao ilikuwa salama. Aliyenuna zaidi ya wote alikuwa Kalunde.

"Sisi wengine miguu yetu haina maneno," alisema akimpita mlangoni. "Ni ya mtu mmoja ina hadithi."

Hilo lilimchoma Muthoki, na lilimchoma mahali panaposikia. Alikaa siku kadhaa bila kwenda mbioni. Kisha akachukua karai na kitambaa safi, akaenda kwa Kalunde alasiri. Akamkuta amevaa vile viatu, amekataa kuvitoa, anafagia uwanja navyo.

"Kaa chini nikuoshe miguu," Muthoki akamwambia.

"Umekuwa nani sasa, mtume?"

"Kaa tu, mwanaasya."

Kalunde akakaa kwa kunung'unika. Muthoki akamvua kiatu cha kwanza, kisha soksi, na soksi ikashika pale kisiginoni, haikutaka kutoka. Akailowesha na maji, ikatoka pole pole. Chini yake kulikuwa na lengelenge kubwa lililokwisha kupasuka na kuanza kuchimbika, na ngozi ya kando ilikuwa nyeupe. Kalunde aliinama kwa shida kwa sababu ya tumbo, akaangalia. Akaweka kidole kando ya kidonda. Hakushtuka, kwa maana hakuna alichosikia.

Nimemjua Kalunde miaka mingi, na huo ndio wakati pekee nilioambiwa ameongea kwa sauti ndogo.

"Kimeanza lini?" akauliza.

"Wewe hujui. Hata mimi sikujua changu."

Siku hiyo hiyo walienda kwa nesi pamoja. Kidonda kilikuwa kimegunduliwa mapema, na kwa neema ya Mungu kilifunga. Vile viatu Kalunde alivirudisha kwenye boksi mwenyewe.

Baada ya hapo kulikuwa kimya. Gicheru alipiga simu mara moja kusema wamesimamisha kalibu, lakini hawajaamua. Kisha hakupiga tena. Akina mama waliendelea kukimbia na raba zao za zamani, na Muthoki na akala zake, mapema kabla jua halijapanda. Kidonda chake kilipona kikaacha kovu juu ya kovu. Hakujuta, lakini kuna asubuhi alikuwa akifika pale kwenye mteremko, akala zikiteleza, anakumbuka jinsi ile soli ilivyoshika, na moyo unamwambia, ungenyamaza tu. Aliuambia moyo ukae chini. Ndengu zikakomaa, zikang'olewa, zikapigwa, zikaingia magunia. Mvua fupi ikapita.

Halafu siku moja jua likiwa limesimama utosini, wakati ambao hata kuku wamejificha, gari likaingia uwanjani. Gicheru akatoka akiwa amelowa jasho. Hakuwa na maboksi. Alikuwa na jozi moja tu, chini ya kwapa, imefungwa na gazeti. Kiema akamtolea kiti kwenye kivuli cha jikoni, na Kalunde, ambaye alikuwa amekuja kuomba mbegu, hakuona sababu ya kwenda nyumbani.

Kiatu kilikuwa kimebadilika. Vidude sasa vilikuwa viwili, kimoja mbele na kimoja kando ya kisigino, kila kimoja na waya wake. Chini ya waya wa mbele kulikuwa na ulimi mnene laini. Vidude vilikuwa vimefunikwa na mpira wa kuzuia mchanga, na ukirudisha nyuma vinalegea kidogo kidogo badala ya kuachilia vyote mara moja. Gicheru hakusifu chochote. Alisema wakubwa wake walisikiliza ile sauti ya pale kwenye benchi mara nyingi, na mmoja wao ana mama mgonjwa wa sukari. Alisema bado kalibu haijakatwa.

"Uniambie," akasema. "Hapa hakuna kanisa, niko peke yangu."

"Na mimi je, ni kiti?" Kalunde akauliza.

Muthoki alikuwa ameshavaa. Ulikuwa ule mguu wa mchana, umejaa, na kiatu kiliukubali. Akakaza nyuma. Akaacha mbele. Akasimama.

"Ngoja nikimbie kwanza," akasema.

Akatoka uwanjani akashika njia ya vumbi katikati ya jua, wakati ambao hakuwa amekimbia tangu awe mtoto wa darasa la sita. Walimwona akipita kwenye ua, wakaona vumbi, kisha hawakuona kitu. Kule mbele, karibu na shamba la utafiti, mguu ulianza kudai nafasi. Akainama, akarudisha kidude cha mbele kidogo, krr, kisigino hakikutikisika. Akaendelea. Akaenda mpaka mtoni na kupanda ule mteremko wa kurudi, sketi ameishika mkononi, akiimba sauti ya pili peke yake bila ya kwanza.

Aliporudi alikuwa hana pumzi. Gicheru alikuwa amesimama tayari.

"Kisigino kiko sawa," Muthoki akasema. "Hapa mbele iko sawa kabisa. Lakini hiki kidude cha nyuma kinanigonga kwa kifundo. Kishushwe. Kishushwe kidogo tu."

Kiema akainamisha kichwa kuficha kicheko. Gicheru alikuwa amekwisha kupiga magoti, kidole kwenye kifundo cha mguu, akiuliza kishushwe mpaka wapi, mpaka hapa ama hapa.

"Hapo. Kisha ulete na cha Kalunde."

Akaketi, akavua kiatu, akavuta soksi chini. Kalunde akainama pamoja naye, kwa kuwa hayo ni mambo ya kuangaliwa na macho, si ya kusikilizwa na mguu. Wakaangalia juu, wakaangalia kando, wakageuza kisigino kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa nzima.